Vifungo Sita vya Mkono wa Kushoto

Hadija mwanangu,

Usishangae kuona nimekuandikia kwenye daftari la vipimo. Karatasi nyingine humu ndani hakuna, na kwenda dukani sitaki, maana nikitoka tu nitakutana na mtu ataniuliza, "Mama Hadija, mtoto anaondoka lini?" nami nitaangua kilio barabarani. Ukigeuza ukurasa huu utakuta kifua, kiuno na urefu wa mke wa mwenye duka la mafuta ya taa. Usivisome, ni siri za watu.

Sasa hivi adhuhuri imeshaswaliwa. Umekwenda Masoko na shangazi yako kutafuta ndoo na chandarua, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako akianza kubishana bei, hamtarudi kabla ya alasiri. Nimefunga mlango wa mbele, nimefunika cherehani, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Kesho saa nne gari la Njinjo linatoka Nangurukuru, nawe utakuwa ndani yake na mimba inayoelekea miezi saba. Kabla ya hapo nina neno ambalo nimelikalia miaka yako yote, na leo sitaki kulikalia tena.

Maagizo ya kila siku sikuandikii. Kuchemsha maji unajua, kulalia ubavu unajua, na wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu kunawa mikono. Mambo ya mume ulifundwa na shangazi yako kabla ya ndoa, mengine mpaka mimi niliyekuwa chumba cha pili nikaona haya kusikiliza. Hayo yamekwisha.

Nianze na ugomvi wetu, kwa sababu mimi ndiye niliyeuanza. Ulipofika likizo wiki tatu zilizopita, nilishakutayarishia kitanda cha chumba cha uani, nimetandika, nimetundika pazia. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Bibi yako alifanyiwa hivyo, mimi nilifanyiwa hivyo, na sikuwa na wazo kwamba wewe utafanya vingine. Ukasema mumeo Saidi yuko Njinjo, kazi yako iko Njinjo, na likizo ya uzazi utaila kwenye nyumba yako. Nikabisha. Ukasema, "Mama, mimba ni yangu." Nami kwa mdomo wangu huu nikakujibu, "Basi na uchungu uwe wako."

Neno hilo nalifuta. Nilikuona ulivyoshika fremu ya mlango baada ya kulisikia. Nilijifanya natafuta mkasi, na mkasi nilikuwa nimeushika. Mama hamwambii mwanawe hivyo, hata akiwa na hasira za namna gani, nami nakuomba unisamehe kwa maandishi maana kwa mdomo nimejaribu mara tatu nikaishia kukuuliza kama umekula.

Ugomvi wa pili ndio mkubwa, na wewe hujui ulitoka wapi. Jumatano ya wiki iliyopita ulikuwa uani unasukwa na rafiki yako Mwajuma, mimi niko ndani nashona. Nikamsikia anakuuliza:

"Kliniki ya kule unaendaje, wewe mwalimu?"

"Naenda. Lakini mhudumu mwanamume, halafu mwanawe niko naye darasani. Sasa mimi nimvulie baibui mzazi wa mwanafunzi?"

"Kwa hiyo ukafanyaje?"

"Nikamwambia presha nimeshapimwa nyumbani. Akaandika mengine, akaniacha."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Mkacheka, Hadija. Mimi mguu wangu uliganda juu ya pedali. Niliinuka nikafungua begi lako bila ruhusa, nikaitoa kadi ya kliniki, nikatazama. Sehemu ya presha iko tupu mara mbili, pameandikwa uzito tu. Nikatoka uani kama niliyepandwa na wazimu, nikakwambia uvae twende kliniki dakika ile ile, nusu ya kichwa imesukwa nusu bado. Ukasema, "Mama, usinitie aibu mbele ya mtu." Nikapaza sauti. Nawe una kichwa kigumu, na najua ulikitoa wapi. Ukajifungia chumbani, na mpaka leo ikiguswa habari ya kliniki unanyanyuka.

Kosa langu ni kwamba nilipiga kelele, sababu sikuisema. Sababu ndiyo hii.

Unakumbuka lile kofi? Nilikupiga kofi moja tu maishani mwako. Ulikuwa darasa la pili, ukafungua saraka ya cherehani kutafuta chaki, ukatoka na kipande cha nguo ya zambarau. Kilikuwa mkono wa gauni, mkono wa kushoto, una vifungo sita vilivyovikwa kitambaa hicho hicho, vyote sita vimefungwa, na upande wa pili umekatwa kwa mkasi kutoka chini hadi juu. Ukauzungushia mkononi mwako, ukaja unacheka, "Mama, nimekuwa bibi harusi." Nikakupiga. Ulilia mpaka ukalala, nami nikalia baada yako, na asubuhi nikakununulia vitumbua kama mtu aliyefanya hatia. Nilikuwa nimeifanya.

Hadija, wewe si kifungua mimba wangu.

Kivinje nzima inaniita Mama Hadija na mimi huitika, lakini kabla yako nilizaa mtoto mwingine. Alikuwa msichana. Jina lake Mwanaisha. Yale mawe mawili madogo kando ya kaburi la bibi yako kule Tingi, uliyoniuliza ukiwa mdogo nikasema ni mtoto wa jirani, si mtoto wa jirani. Ni dada yako.

Nilikuwa na miaka ishirini. Marehemu baba yako alinioa mwaka mmoja kabla, tukawa tunaishi kwao. Mimba ilipofika miezi saba nilirudi Tingi kwa bibi yako, kama desturi inavyotaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza cherehani, na fundi mpya ni kama mtoto aliyejua kupiga mluzi, hanyamazi. Baba yako alininunulia mita nne za kitambaa cha zambarau, kinang'aa, hakikunjamani, ukikimwagia maji yanateleza. Tuliamini ni hariri. Ilikuwa nailoni tupu, lakini wakati ule sikuwa najua kuchomoa uzi na kuuwasha kibiriti.

Nikakishona gauni. Chini pana, tumbo lisionekane, kwa sababu bibi yako aliogopa kijicho na mimi niliona haya kutembea na tumbo mbele za wazee. Kola ilipanda hadi kidevuni. Mikono mirefu, inabana kuanzia kwapa hadi kwenye kifundo, nimeiga gauni la arusi nililoliona kwa watu, na kila mkono vifungo sita kwenye vitanzi vidogo hivi, ambavyo kuvifungua kulitaka mtu wa pili. Nilijivunia mikono ile kuliko mimba. Wanawake walikuja kuishika. Bibi yako akawa anawaambia, "Mtazameni, mwanangu atazaa na stara yake." Nami nikawa nalivaa kila ninapotoka, na nikiwa ndani sikulivua upesi.

Ndani ya gauni lile nikavimba. Ilianza miguu, ikafuata vidole, halafu mkono wenyewe ukajaa ndani ya mkono wa nguo kama muhogo ndani ya ganda. Kichwa kikawa kinagonga. Kila kitu nilikisingizia joto, na joto lilikuwepo kweli, maana nailoni haipitishi hewa, jasho linatoka halina pa kwenda. Kwa hiyo kichwa kikiuma, joto. Nikiona kizunguzungu, joto. Bibi yako nililala naye nyumba moja na hakuiona miguu yangu hata siku moja. Gauni liliburuza chini, na mimi nilihakikisha linaburuza.

Siku ya kliniki nesi tuliyemzoea hakuwepo. Alikuwepo kijana mwanamume, mpole, anaitazama kadi bila kunitazama mwilini.

"Dada, nikunjie mkono nikupime presha."

"Haukunjiki."

"Basi nifungulie vifungo."

Nyuma yangu kulikuwa na wanawake kama kumi kwenye benchi, wawili walikuwa wamenisifia gauni asubuhi ile. Nikaona kufungua vifungo mbele ya mwanamume, wanawake wale wanatazama, ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

"Nimeshapimwa," nikasema.

"Lini? Kadi haionyeshi."

"Juzi. Walisahau kuandika."

"Kichwa hakiumi? Huoni vimulimuli machoni?"

"Hapana."

Kilikuwa kinauma wakati ule ule, na vimulimuli nilikuwa navikodolea macho juu ya meza yake. Akaniambia nirudi kesho yake, dada muuguzi atakuwepo, nitapimwa na mwanamke mwenzangu. "Usikose, dada," akasema, na nilipofika mlangoni akarudia. Hakuwa na kosa lolote. Sitaki umlaumu mtu yule hata kidogo. Nyumbani nikamwambia bibi yako wamenikuta mzima kabisa, akamshukuru Mungu, akanipikia mchuzi wa pweza.

Kesho yake sikwenda. Niliogopa kuulizwa tena nikaonekana mwongo. Keshokutwa yake nikasema nina gauni la mtu la kumaliza. Siku ya sita nilianguka jikoni, nikawa natupa mikono na miguu, povu mdomoni. Sasa najua kinaitwa kifafa cha mimba. Siku ile walisema ni jini, kwa kuwa nilikuwa nimepita ufukweni wakati wa magharibi. Wakafukiza ubani, wakanisomea, na saa zikaenda. Aliyenusuru roho yangu ni mjomba wangu, alikuja na gari lililobeba nazi, akazimwaga nazi za watu barabarani, akanipakia.

Ninachokikumbuka cha hospitali ni kimoja. Sauti ya mwanamke inasema, "Vifungo gani hivi, nileteeni mkasi," na baridi ya mkasi inapanda kutoka kifundo cha mkono mpaka kwapani.

Nilizinduka siku ya tatu. Nikashika tumbo nikakuta limelala. Bibi yako alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, na mapajani ameshika ule mkono wa gauni ameukunja vizuri kama nguo ya mtoto. Akasema, "Alikuwa wa kike. Tumempa jina." Hakulia alipotoka, Hadija. Walimwosha, wakamvika bafta nyeupe, wakamzika Tingi, na mimi mama yake sikumwona uso. Hiyo bafta ndiyo nguo ya pamba pekee aliyopata kuivaa, na sikuishona mimi.

Tuliporudi nyumbani bibi yako alitoa kitambaa cha marekani, kile kizito cha rangi ya maziwa, akasema, "Somoe, inua mikono nikufunge mkaja."

Nikamwambia, "Mkaja wa nini, mama? Mtoto sina."

"Tumbo limezaa," akasema. "Tumbo halijui mengine."

Akanifunga. Akanifunga kila asubuhi kwa siku arobaini, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga kama mzazi yeyote, na majirani wakija kutazama anawajibu yeye. Kwa siku zile arobaini sikuwahi kumwambia kwamba niliulizwa na nikadanganya. Sikumwambia baada ya hapo pia. Alikufa anaamini ni jini. Baba yako alikufa anaamini ni mipango ya Mungu, na ilikuwa hivyo, ila na mimi nilikuwemo. Shangazi yako anajua kwamba mtoto alikufa, lakini la kliniki halijui. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuambiwa.

Nimeacha kuandika kidogo, nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Ukaja wewe baada ya miaka miwili. Tulikuwa tumeshahamia hapa Kivinje. Mimba yako niliibeba ndani ya khanga kuukuu na blauzi ya pamba ya mikono mifupi, mtandio juu, na kliniki nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, nimeshaufunga mtandio begani, mkono uko nje kabla sijaitwa. Nesi wa hapa alinitania, "Wewe mama, leo unagombana na nani?" Kila alipoitazama saa ya kile kipimo nami niliutazama uso wake, na kila aliposema "iko sawa" nilitoka nje nikakaa kivulini.

Hapo ndipo nilipobadili ushonaji wangu. Watu wanafikiri nawashonea wajawazito pamba kwa sababu ya ukaidi, na ukaidi upo. Wakileta vitambaa vya kung'aa nachomoa uzi, nauwasha. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu. Vile vingine vinajikunja, vinanuka, vinaacha kidonge kigumu. Nawaonyesha kidonge nawaambia, hiki unataka kukivaa na jua la Kilwa, una mtu mwingine ndani yako? Walinicheka miaka. Waliniita fundi wa mashuka. Siku hizi wanakuja wenyewe wanasema, "Mama Hadija, nishonee ule mkono wa kliniki." Umekua ukiuona mkono ule, umenisaidia kuushonea vifungo tangu una miaka kumi. Mkono mrefu, mpana, unafika kifundoni kwa heshima zake, na juu, chini ya rinda, pana tundu linalofunguka kutoka begani hadi kiwikoni. Mwanamke anafungua vifungo vitatu, anapimwa, anafunga, hakuna aliyemwona. Ulikuwa unauliza nilijifunzia wapi mshono ule. Nilijifunza kwa Mwanaisha.

Sasa nikutanie kidogo, maana barua imekuwa nzito. Lile gauni la maua aliloleta mama mkwe wako nililichomoa uzi kwenye upindo. Kidonge! Nikamshukuru, nikamkaribisha chai. Livae siku akija kukutembelea, saa moja, halafu lipumzishe. Na baibui lako jeusi la shuleni nalo nimelichomoa uzi ulipolala. Mikono ina lastiki inayoacha alama kwenye ngozi. Nimeiona alama ile, Hadija. Nimeona na alama ya mkanda wa kiatu, Ijumaa, ulipovua viatu barazani. Niliinama kutazama, ukashusha gauni.

Najua yule aliyeshusha gauni. Nilikuwa yeye.

Inawezekana si kitu. Miguu ya wajawazito wengi huvimba na wanazaa salama, na siwezi kukuambia una maradhi kwa kutazama kiatu. Ndiyo maana kuna kipimo. Mimi nina cherehani, sina kipimo, na wewe umekinyima nafasi mara mbili.

Usidhani nakuambia uache stara. Mimi ninajitanda mpaka leo na nitazikwa nimesitiriwa. Lakini nilikosea kuelewa. Nilidhani nguo iko kwa ajili ya macho ya watu, ikiwazuia watu imemaliza kazi. Nikajifunika mpaka mama yangu mzazi hakuniona. Mwili wako uufiche kwa wasiohusika, na mhudumu anahusika, hata kama mwanawe anakosea hesabu darasani kwako. Siku ya kikao cha wazazi atakukuta umejitanda vizuri. Siku ya kliniki ataona nusu ya mkono. Ukitaka mwanamke asimame kando yako, sema, ni haki yako, au nenda na Saidi. La kusema umeshapimwa na hujapimwa, hilo nakukataza, na katika barua yote hii ndilo peke yake ninalokukataza.

Kwenye begi la bluu nimekuwekea nguo nilizoshona wiki hizi za ugomvi. Nilikuwa nazishona kwa hasira lakini mishono imenyooka, kagua. Zote pamba. Ubavuni nimeacha vidole vinne ndani ya mshono, tumbo likikua utafumua uzi mweupe utaongeza. Mbili zina tundu la kunyonyeshea chini ya rinda la kifua, uweze kumnyonyesha popote bila kujifunua na bila kumfunika mtoto uso. Wewe nilikufunika uso, kwa shali ya nailoni, mbele za wageni, nikijiona nina adabu. Ukatoka vipele mpaka bibi yako akanipokonya. Utaona pia khanga nne kuukuu. Usione nimekupa matambara. Khanga mpya ina dondo la kiwandani, inakwaruza, mtoto mchanga anataka iliyofuliwa miaka.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, iko marekani. Ni ule ule mkaja. Bibi yako alinifunga nao kwa Mwanaisha, akanifunga nao kwa ajili yako. Nimeufua, nimeuanika, nimeupiga pasi. Usimpe mtu mwingine akufunge.

Nitakufunga mimi. Nimeshaamua. Nimefikiri sana juu ya desturi yetu ya mimba ya kwanza kuzaliwa kwa mama, na nimeona sina haki ya kukushikia desturi hiyo. Mimi niliifuata. Nilikuwa chini ya paa la mama yangu, naoga maji aliyonichemshia, na hakujua kinachonipata kwa sababu mimi sikutaka ajue. Kwa hiyo zaa Njinjo, au hospitali yoyote watakayokuelekeza wenye kujua. Mwezi wako wa nane ukiingia nitafunga kibanda, nitapakia cherehani, nitakuja. Watu wa hapa watasema mama ndiye anayemfuata mtoto, mambo yamepinduka. Waache waseme, nikirudi nitawakuta bado wanasema. Mwambie Saidi anitafutie pahali karibu na dirisha, macho yangu siku hizi yanataka mwanga.

Imebaki kesho.

Kliniki ya hapa inafungua saa moja na nusu. Gari ni saa nne. Nafasi ipo, na nimeshamwomba shangazi yako atangulie Nangurukuru na mizigo akushikie kiti. Mimi nitakuwa nimekaa barazani tangu saa kumi na mbili na nusu, nimevaa, nimenyamaza. Sitakugongea mlango. Sitapaza sauti, nimeshaona sauti yangu inavyokufukuza. Ukitoka na baibui jeusi nitajua umekataa. Nitakubusu, nitakusindikiza hadi kwenye gari, na sitakununia, ila Jumatatu nami nitapanda gari la Njinjo nikae kwenye benchi la kliniki ya kule mpaka uje, mbele ya wanafunzi wako na wazazi wao. Unanijua.

Gauni la kijani nimelitundika kwenye mlango wa chumba chako. Ni pamba tupu, jivu lake nimeliona. Pindo sijalipinda, nimelipiga bandi tu, mshono wa kushikiza, kwa uzi mweupe, kwa sababu tumbo likishuka mwezi wa tisa nguo hupanda mbele, na pindo la mjamzito hupimwa akiwa amesimama mbele yako. Nitalipinda nikija. Mkono wa kushoto una vifungo vitatu, nimevijaribu kwa kidole kimoja, vinafunguka.

Ule mkono wa zambarau nimeuweka juu ya meza yako, karibu na barua hii. Sasa unaweza kuushika.

Mama Mwanaisha, mama Hadija.